Kwa nini Uganda haina wizara ya michezo peke yake, na wewe mwenye timu umwendee nani?

*Swali:* "Mzee wetu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Busia, upande wa Uganda. Jioni nafundisha netiboli wasichana 14, wengi wao wameacha shule. Mwaka jana tulitafuta mipira miwili na nauli ya kwenda mashindano Tororo. Nimezungushwa ofisi tatu, na kila moja inaniambia hilo si letu, jaribu kule. Nikivuka mpaka hapa tu naona Wakenya wana waziri wao wa michezo anayejulikana. Sisi mbona hatuna? Tuliwahi kuwa na wizara ikafutwa? Wenzangu wanakusanya sahihi wampelekee mbunge adai wizara kamili ya michezo. Na mimi nitie sahihi?"

*Jibu:* Mwalimu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kidogo, kwa sababu hizo ofisi tatu nazijua kwa harufu ingawa hukuzitaja. Mara ya pili nikaona kwamba ndani yake mna mambo mawili uliyoyafunga kwa kamba moja. Moja ni la historia: wizara iko wapi. La pili ni la nauli ya kwenda Tororo. Ukifikiri la kwanza likitatuliwa la pili litajitatua lenyewe, utasubiri sana, na wasichana wako watazeeka wakisubiri na wewe. Acha nianze na historia, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini ulizungushwa.

Kwanza nikusahihishe kidogo. Uganda ina wizara yenye neno michezo mlangoni: Wizara ya Elimu na Michezo. Haikufutwa. Tusichonacho ni wizara ambayo michezo inalala ndani yake bila kugawana kitanda na mtu. Hata majirani unaowaonea wivu hawana. Kenya michezo imekaa na utamaduni na urithi, kisha ikahamia kwa vijana na sanaa, na sasa inaishi na vijana na uchumi wa ubunifu. Tanzania inakaa na habari, utamaduni na sanaa. Katika ukanda wetu michezo ni mgeni wa kudumu. Swali la kuuliza ni mwenyeji wake ni nani na anampa chumba gani.

Huku kwetu michezo ilikuwepo kabla ya serikali yenyewe. Mpira uliletwa na wamisionari kupitia shule, ukachukuliwa na askari na makarani. Chama cha mpira cha Kampala, ambacho FUFA, shirikisho la mpira la Uganda, inahesabu umri wake kuanzia hapo, kilianzishwa 1924. Miaka miwili baadaye, 1926, Uganda na Kenya zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na mtengeneza sabuni, na mwaka huohuo ndio Nakivubo ilipoanza kuwa uwanja wa Kampala. Kamati ya Olimpiki ya Uganda iliundwa 1950. Mwaka 1954 Patrick Etolu alikwenda Vancouver kwenye michezo ya Dola ya Uingereza akarudi na medali ya fedha ya kuruka juu. Katika yote hayo, Mwalimu, hapakuwa na waziri wa michezo popote. Vyama vilijiendesha kwa michango ya wanachama, kwa wafadhili, na kwa hisani ya wakuu wa shule.

Nalitaja hili kwa sababu ndilo watu wengi hawalijui. Wanafikiri serikali ilizaa vyama vya michezo, kisha vyama vikawa watoto watukutu. Ni kinyume. Vyama vina umri mkubwa kuliko taifa huru, na vinajua hivyo. Ndiyo maana ukimwambia kiongozi wa shirikisho kwamba wizara imesema hivi, anakutazama kama mtu mzima anayetumwa dukani na mjukuu.

Uhuru ulipokuja 1962, serikali ilitaka mkono wake uonekane uwanjani. Haikuunda wizara. Iliunda baraza. Bunge lilipitisha Sheria ya Baraza la Taifa la Michezo mwaka 1964, na Baraza hilo, ambalo makao yake unayajua pale Lugogo, likapewa kazi ya kuendeleza na kusimamia michezo nchini kwa kushirikiana na vyama vya ridhaa. Waziri anateua na kuelekeza, Baraza linatenda, vyama vinacheza. Huo ndio mgawanyo wa kazi, na ndani yake ndimo ulimopotelea wewe na barua yako. Wizara inatunga sera na kuiombea michezo fedha. Baraza linasajili, linasimamia na kugawa. Shirikisho linaendesha mchezo wenyewe: ratiba, marefa, timu ya taifa. Mtu aliyekuambia "hilo si letu" huenda hakuwa anasema uongo. Kosa lake ni kutokukuambia ni la nani.

Sheria ile ya 1964 iliishi miaka 59. Hebu fikiria. Iliandikwa wakati mchezaji alikuwa karani wa mchana na winga wa jioni, ikaendelea kutumika mpaka siku za wachezaji wenye mawakala na mikataba ya viatu. Marais walibadilika, katiba zikabadilika, jina la waziri mhusika likabadilika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na Baraza likabaki palepale Lugogo. Ukitaka historia ya kweli ya serikali na michezo Uganda, usiitafute kwenye orodha ya mawaziri. Itafute hapo.

Miaka ya Amin inahitaji aya yake. Yeye mwenyewe alikuwa bondia, bingwa wa Uganda wa uzito wa juu-mwepesi kuanzia 1951 hadi 1960, na alipokuwa rais, kwa kweli yeye ndiye alikuwa wizara ya michezo. Wakati wake ndipo tulipopata dhahabu yetu ya kwanza ya Olimpiki: tarehe 2 Septemba 1972 mjini Munich, John Akii-Bua alikimbia mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, akipitia njia ya kwanza ambayo wakimbiaji hawaipendi kwa kona zake kali. Mwaka huohuo Simba, timu ya jeshi, ilifika fainali ya klabu bingwa Afrika. Mwaka 1978 Cranes, timu yetu ya taifa ya mpira, walifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika wakafungwa 2–0 na Ghana. Wazee wa rika langu wakikutana kahawani, hayo ndiyo hupamba mazungumzo, na kuna wanaosema kwa sauti ya chini kwamba michezo ilistawi kwa sababu mkubwa aliipenda.

Mimi siwakatalii moja kwa moja, ila nawaongezea upande wa pili. Mapenzi ya mkubwa mmoja si mfumo. Mwaka 1976 Afrika iligomea Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilicheza raga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Sababu ilikuwa ya haki, lakini Akii-Bua alikosa nafasi ya kutetea taji lake. Mwaka 1977 klabu ya Express ilipigwa marufuku kwa madai ya kisiasa. Na 1979 serikali ilipoanguka, bingwa wetu huyo wa Olimpiki alikimbilia Kenya kama mkimbizi. Hivyo ndivyo inavyokuwa mamlaka yanapokaa karibu mno na uwanja bila sheria katikati.

Baada ya hapo michezo ilianza kuhama nyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na Wizara ya Vijana, Utamaduni na Michezo. Hiyo, Mwalimu, ndiyo iliyokaribia zaidi kile unachokitamani, na pengine ndiyo wenzako wanayoikumbuka wanaposema tuliwahi kuwa na yetu. Haikudumu. Mwaka 1991 utamaduni na vijana vilipelekwa kwenye wizara mpya pamoja na masuala ya wanawake, na michezo ikaishia kwa elimu, ambako jina lake limebaki mlangoni mpaka leo.

Kwa nini elimu? Kwa sababu ndiko wachezaji waliko. Uliza nyota yeyote wa nchi hii alianzia wapi, atakutajia shule kabla ya klabu. Viwanja vingi vya mpira vijijini ni vya shule. Mashindano yanayofika mpaka wilayani na kuendelea hadi taifa ni ya shule. Kwa hiyo mantiki ipo. Tatizo ni ukubwa wa mwenyeji. Elimu ya msingi bila ada ilipoanza 1997, wanafunzi wa msingi waliruka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Jaribu kuwa wewe ndiye katibu mkuu wa wizara hiyo: hapa watoto wamekaa chini ya mwembe, pale walimu wanadai mishahara, na mtu anakuja na faili la nyavu za netiboli. Faili hilo linawekwa chini. Halichukiwi, linawekwa chini tu, na kesho linawekewa jingine juu.

Wewe ni mwalimu, unalijua hili kuliko mimi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, ulifanya elimu ya viungo kuwa ya lazima kidato cha kwanza na cha pili, pamoja na Kiswahili. Nawaita mapacha wa mtaala: wote wawili wamo kwenye ratiba ukutani, na wote wawili wanatafutiwa mwalimu.

Ndani ya wizara hiyo kuna waziri kamili, na chini yake waziri wa nchi anayeshughulikia michezo. Charles Bakkabulindi alikaa kwenye kiti hicho kwa zaidi ya muongo mmoja, akafuatiwa na Hamson Obua, na mwaka 2022 akateuliwa Peter Ogwang. Waziri kamili aliyeteuliwa Juni 2016 ni Mama Janet Museveni, mke wa rais. Kuna wanaoamini kwamba ukiwa na waziri wa uzito huo huhitaji wizara peke yake. Wengine wanasema waziri wa nchi hata akiwa hodari hawezi kuitetea michezo mezani kwa sauti ileile ya waziri kamili. Wote wana hoja.

Sasa kuna jambo ambalo kwenye karatasi za wizara hulioni vizuri. Uliza mabingwa wetu walikula nini walipokuwa wanajifunza kukimbia. Akii-Bua alikuwa polisi. Stephen Kiprotich, aliyeleta dhahabu ya marathoni London tarehe 12 Agosti 2012, miaka 40 baada ya Munich, ni wa Magereza. Joshua Cheptegei, mwenye dhahabu ya mita 5,000 ya Tokyo na ya mita 10,000 ya Paris, ni polisi. Kwa miaka mingi aliyelipa mshahara wa mwanamichezo wa Uganda ili apate muda wa mazoezi ni vyombo vyenye sare. Hata uwanja wa taifa wa Namboole ulipofanyiwa ukarabati juzi, kazi ilifanywa na kikosi cha uhandisi cha jeshi. Kwa hiyo ukitafuta "wizara ya michezo" kwa maana ya mtu anayemlisha mchezaji, kwa muda mrefu imekuwa polisi, magereza na jeshi, na haijawahi kuandikwa hivyo mlangoni.

Uwanja huohuo wa Namboole, uliofunguliwa 1997 kwa msaada wa China, unaonyesha pia gharama ya kuwa mgeni. Nchi nzima ilitegemea uwanja mmoja mkubwa, nao ukachakaa hadi Shirikisho la Mpira la Afrika (CAF) likaukataa. Mwaka 2023 Cranes walicheza mechi zao za "nyumbani" Ismailia, Misri, na Douala, Kameruni. Tanzania walitufunga "kwetu" huko Ismailia. Mwaka huohuo, Septemba, Uganda, Kenya na Tanzania zikapewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Tangu hapo fedha za viwanja zimepata miguu: Namboole ukafufuliwa, Hoima ukajengwa uwanja mpya. Ratiba ya CAF imefanya kwa miaka miwili mitatu kile ambacho barua za wananchi hazikufanya kwa ishirini.

Halafu ikaja sheria mpya. Moses Magogo, wakati huo rais wa FUFA na pia mbunge wa Budiope Mashariki, alipeleka mswada wake binafsi, serikali nayo ikawa na wa kwake, ikabidi iunganishwe. Rais aliurudisha kwanza bungeni kabla ya kuutia sahihi Agosti 2023. Ndiyo Sheria ya Taifa ya Michezo ya 2023, na ndiyo iliyoizika ile ya 1964. Angalia ilichofanya na isichofanya. Haikuunda wizara. Ililihifadhi Baraza na kulipa nguvu zaidi za kusajili na kusimamia vyama na mashirikisho. Baraza nalo siku hizi lina kasma yake katika bajeti ya taifa, badala ya kungoja ruzuku ipite kwanza mfukoni mwa wizara. Kwangu mimi, badiliko hilo la kasma, ambalo halikupigiwa hata ngoma moja, ni kubwa kuliko kubadilisha kibao cha mlangoni.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo penye kiini. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai. Kabla ya hapo, karatasi ya mwelekeo wa bajeti inapaswa kufika bungeni kufikia 31 Desemba, na Bunge linapaswa kupitisha bajeti kufikia 31 Mei. Fedha zikishapitishwa hutoka kwa robo za mwaka. Sasa tazama kalenda ya michezo. Olimpiki ya London ilianza 27 Julai, ya Paris 26 Julai. Kombe la Dunia la Netiboli la 2023 kule Cape Town, ambalo She Cranes wetu walimaliza wa tano duniani, lilianza 28 Julai. Mashindano makubwa yanaangukia mwezi ambao fedha mpya ndiyo kwanza zinaanza kutiririka, na maandalizi yake yote, kambi, mechi za majaribio, viza, yanaangukia miezi ambayo fedha za zamani zimekwisha. Niliwahi kukaa kambini na timu moja, sitaitaja, mabegi yamefungwa, siku tatu kabla ya safari, tukisubiri simu kwamba fedha zimetoka. Zilitoka. Lakini wachezaji walikwenda wamechoka kabla ya kupanda ndege. Magazeti yakaandika kwamba hatuna wizara makini. Ukweli ni kwamba maombi yetu yalikuwa yamechelewa karatasi ya Desemba. Na wizara kamili, yenye waziri kamili na bendera kwenye gari, ingekutana na 1 Julai ileile.

Basi wizara ya peke yake ingesaidia au la? Nitakupimia bila kuegemea. Ingesaidia mahali pawili. Kwenye baraza la mawaziri pangekuwa na mtu ambaye hana madarasa ya kutetea, anayeamka na kulala na michezo tu. Na wachezaji walio nje ya shule, kama wasichana wako, wangepata pa kuhesabiwa, kwa sababu leo mtoto akiacha shule anaanguka pia nje ya jicho la elimu, na michezo yake inaanguka naye. Hoja hii ya pili ndiyo inayonigusa zaidi.

Dhidi yake: wizara mpya hula kwanza kabla ya kulisha. Ofisi, magari, wakurugenzi, semina. Ukiitoa michezo kwa elimu, unaitenga na viwanja na walimu, na itabidi waziri mpya aombe ruhusa kwa waziri wa elimu kila anapotaka kugusa mtoto wa shule. Tena kuna hatari ya waziri kutaka kuonekana. Kenya, ng'ambo yako hapo, waziri wao alivunja uongozi wa shirikisho la mpira Novemba 2021 kwa tuhuma za fedha; Februari 2022 FIFA ikaifungia nchi nzima, na kifungo kikaendelea hadi Novemba. Sisemi tuhuma zilikuwa za uongo. Nasema sheria za FIFA hazimruhusu mtu wa nje kuuendesha mpira wa nchi mwanachama, hata akiwa waziri mwenye nia njema, na wachezaji ndio waliolipa. Wanaodhani waziri kamili atakwenda kuwanyoosha viongozi wa vyama hawajasoma hapo.

Wengine watakutolea mfano wa zawadi: mbona serikali inawatunza mabingwa? Kweli inawatunza. Kuna utaratibu wa malipo ya kila mwezi kwa washindi wa medali kubwa, shilingi milioni 5 kwa dhahabu, milioni 3 kwa fedha, milioni 1 kwa shaba, na baada ya Tokyo, Cheptegei, Kiplimo na Peruth Chemutai walipewa magari. Nafurahi nao, hasa Chemutai, mwanamke wa kwanza wa Uganda kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Lakini hiyo ni shukrani kwa aliyekwisha fika. Wewe unaulizia nauli ya anayeanza, na hiyo haiko kwenye fungu hilo.

Kwa hiyo, je, utie sahihi? Karatasi hiyo ilivyo, mimi nisingetia. Ningewaambia wenzako waiandike upya. Badala ya kumwomba mbunge wizara, jambo ambalo liko mikononi mwa rais na mbunge wenu hawezi kulileta Busia kwenye begi, mwombeni alisimamie Baraza bungeni: kasma yake iwe na fungu linaloonekana la michezo ya jamii, na si timu za taifa peke yake. Mwombeni pia aulize wilaya yenu inatenga nini kwa michezo ya vijana walio nje ya shule. Mbunge akiulizwa jambo lenye mstari katika kitabu cha bajeti hana pa kujificha. Akiulizwa wizara atawahutubia, mtapiga makofi, mtarudi nyumbani.

Tuje kwenye Tororo. Mlango wako wa kwanza ni afisa michezo wa wilaya. Yuko chini ya idara ya elimu, mara nyingi kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya afisa elimu, na mara nyingi hana hata pikipiki. Usiende kumlaumu, nenda umsajilie uwepo wako. Timu yako leo, kiserikali, haipo. Ipo kwa macho ya wazazi tu. Kaeni mwandike katiba ya kurasa mbili: jina, wanachama, nani anashika fedha, nani anaziangalia. Pitieni kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na gombolola awape barua, kisha mwende ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya mjisajili kama kikundi cha jamii. Usajili huo ndio utakaowawezesha kufungua akaunti, na mfadhili, hata mwenye duka la jumla pale mpakani, huwa mwepesi zaidi kuchangia akaunti kuliko mfuko wa mwalimu. Baada ya hapo ndipo mtafute chama cha netiboli cha eneo lenu, kwa sababu kwa sheria ya sasa Baraza linaongea na vyama na mashirikisho, na klabu husikika kupitia chama cha mchezo wake. Masharti ya usajili chini ya sheria ya 2023 yasome mwenyewe au uyasomewe na mtu anayeielewa. Usikubali kusimuliwa na mtu wa kijiweni.

Kuna mambo ambayo majibu ya maandishi kama haya hayatoshi. Mtu akikudai "hela ya usajili" bila risiti ya serikali, funga safari mwenyewe hadi Lugogo, au mtume mtu unayemwamini, uulize ana kwa ana kabla ya kutoa hata shilingi. Kukiwa na mgogoro wa nani mwenye timu, au mfadhili anataka muweke sahihi mkataba, tafuta wakili. Vyuo vya sheria na mashirika ya msaada wa kisheria husikiliza vikundi kama vyenu bila ada kubwa. Na hili nalisema kwa uzito wa baba: akitokea mtu anawaahidi wasichana wako majaribio ya nje ya nchi, anataka pasipoti zao au anataka kubadilisha umri wao kwenye karatasi, usibishane naye uwanjani. Nenda polisi, kitengo cha kulinda watoto na familia, siku hiyohiyo.

Mipira miwili si ombi kubwa, Mwalimu, na naamini itapatikana kabla ya wizara yoyote. Ila nauli ya mwakani iombee sasa. Mikutano ya bajeti ya wilaya huwa karibu Oktoba na Novemba, na wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria. Nenda na barua ya ukurasa mmoja, nakala mbili, moja wakugongee muhuri urudi nayo. Andika tarehe ya mashindano, umbali, bei ya gari kwenda na kurudi, na idadi ya wachezaji: 14, kwa tarakimu na kwa maneno.